Kuhaki si haki: Mtoto anapobadili gemu kwenye simu ya mama

Katika nyumba nyingi za pwani ya Lindi, kuanzia Somanga mpaka Lindi mjini, simu ya mzazi inafanya kazi mbili. Mchana inapokea oda za samaki, meseji za kikoba na pesa za wateja. Jioni, mzazi akishaiweka chini, mtoto anaichukua na inageuka uwanja wa mpira, basi la mikoani au kisiwa cha vita.

Mzazi akichungulia anaona mtoto anacheza tu. Asichokiona ni kwamba gemu lile huenda si lile lililotoka kwa watengenezaji. Limebadilishwa. Pengine limeongezewa jezi, mabasi na honi. Pengine limeongezewa pesa na nguvu ambazo mwenye gemu hakuzitoa. Vijana wanaita mabadiliko hayo modi.

Modi zipo za heri na zipo za shari. Ipo inayomfundisha mtoto ujuzi wa karne hii, na ipo inayomzoesha wizi mdogo huku ikimfungulia mwizi mkubwa mlango wa simu ya mama yake. Mzazi anayezipiga marufuku zote anaweza kuua kipaji. Anayeziachia zote anachezea pesa ya familia. Ndiyo maana ni vizuri kujua zinavyotofautiana.

MODI NI NINI HASA?

Gemu ni mkusanyiko wa mafaili. Lipo faili lenye picha ya jezi, lipo lenye sauti ya honi, lipo linaloeleza mchezaji akimbie kwa kasi gani na risasi moja ipunguze uhai kiasi gani. Kulibadilisha faili moja au zaidi kati ya hayo ndiko kutengeneza modi.

Mzazi ambaye hajawahi kugusa gemu huenda anaijua habari hii kwa jina jingine. WhatsApp GB, ambayo watu wengi wanayo kwenye simu zao, nayo ni modi. Mtu asiyehusika na kampuni ya WhatsApp alichukua programu yao, akaibadilisha na kuisambaza. WhatsApp wenyewe hawaitambui na wamekuwa wakiwafungia kwa muda watu wanaoitumia.

Kwenye magemu hali ni tofauti kidogo. Wapo watengenezaji wanaoruhusu modi, na hata wameweka mlango maalumu wa kuziingizia. Wapo wanaozikataza kabisa. Mtoto anapokwambia, “Mama, hii ni modi tu, kila mtu anayo,” bado hajakwambia jambo lenyewe. La kumuuliza ni modi ya aina gani, na nani ameiruhusu.

NAMUNGO NDANI YA SIMU

Tuanze na za heri, kwa sababu ndizo zinazosahaulika tunapogombeza watoto.

Dream League Soccer ni gemu la mpira la kwenye simu lililotengenezwa na kampuni ya First Touch Games ya Uingereza. Linapendwa kwa sababu halihitaji simu ya gharama kubwa. Lakini limejengwa kwa kuwazunguka wachezaji wanaotamba Ulaya. Mtoto wa Ruangwa anayeishabikia Namungo FC, timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kufika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, anataka kuiona timu yake nayo ikiingia uwanjani.

Gemu hilo linamruhusu. Mchezaji anaweza kuipa timu yake jina analotaka na kuiingizia jezi na nembo kutoka kwenye picha iliyowekwa mtandaoni. Picha hiyo lazima iwe na kipimo maalumu, vidoti 512 kwa 512, na kila kipande cha jezi kikae mahali pake: mbele, mgongo, mikono, bukta na soksi. Ukikosea kidogo, nembo inaangukia kwapani.

Mtoto anayefanya kazi hiyo amejifunza kupima, kukata picha, kulinganisha rangi na kurudia mpaka ikae sawa. Ni ustadi uleule wa fundi cherehani anayekata kitambaa kabla ya kukishona, ila yeye anakata picha. Hajamdhulumu yeyote. Namungo yake haipati mabao ya bure kwa kuvaa jezi yake halisi.

Mfano wa pili ni wa mabasi. Mwaka 2017 kampuni ya Maleo ya Indonesia ilitoa gemu la kuendesha mabasi liitwalo Bus Simulator Indonesia. Watengenezaji waliliacha wazi kwa makusudi. Mchezaji anaweza kuchora rangi za basi lake, na anaweza hata kuingiza basi zima alilolichonga mwenyewe kwa kompyuta. Vijana wa Tanzania na Kenya waliikamata nafasi hiyo. Leo mitandaoni utaona mabasi ya Kiindonesia yaliyopakwa rangi za mabasi yetu ya mikoani, yakipiga honi zetu, na wachezaji wakisafiri kwa msafara.

Kijana anayetaka kuchonga basi lake mwenyewe huanza kujifunza programu kama Blender, ambayo ni ya bure na hutumiwa pia na watengenezaji wa filamu za katuni na wasanifu wa majengo. Anajifunza umbo, mwanga na vipimo. Mzazi akimwona ameinama kwenye kompyuta ya kaka yake akihangaikia tairi la basi la Mtwara, asidhani anapoteza muda.

KILWA KATIKA MAGEMU YA DUNIA

Lipo jambo jingine ambalo watoto wetu wangepaswa kulijua. Kilwa yao imo kwenye magemu yanayochezwa dunia nzima.

Mwaka 2013 kampuni ya Paradox ya Sweden ilitoa gemu la kompyuta liitwalo Europa Universalis IV. Linaanzia Novemba 11, 1444, na mchezaji anachagua dola ya kuitawala. Miongoni mwa dola hizo ipo Kilwa. Mtu aliyeko Brazil au Poland anaweza kukaa usiku kucha akiilinda Kilwa dhidi ya Wareno, ambao kwa kweli waliiteka mwaka 1505.

Mwaka 2018 kampuni ya Firaxis ya Marekani ilitoa nyongeza ya gemu la Civilization VI, na humo Kilwa Kisiwani imewekwa katika orodha ya maajabu ya dunia, pamoja na majengo mengine makubwa ya historia. Mchezaji akiijenga anapata wajumbe watatu wa kupeleka kwenye miji mingine. Waliotengeneza gemu walikumbuka kwamba Kilwa ilikuwa kubwa kwa biashara na kwa kupatana na wageni.

Magemu yote mawili yanaruhusu modi rasmi. Maana yake ni kwamba kijana wa Kilwa Masoko, anayeweza kuvuka kwa mashua hadi kisiwani, akatembea ndani ya Msikiti Mkuu na magofu ya Husuni Kubwa, ana kitu ambacho mtengenezaji wa Marekani hana. Anayajua mahali yalipo, majina yake na jinsi bahari inavyoonekana kutoka pale. Akipata kompyuta na subira, anaweza kuiweka Kilwa anayoijua mwenyewe ndani ya gemu, na dunia ikaicheza.

MAGEMU MAKUBWA YALIYOANZA HIVI

Wazo hilo si ndoto ya mchana. Baadhi ya magemu makubwa ya leo yalianza kama modi za vijana waliokaa nyumbani.

Mwaka 1999 Minh Le, kijana wa Canada mwenye asili ya Vietnam, alishirikiana na Jess Cliffe kubadilisha gemu la Half-Life. Walichokitoa wakakiita Counter-Strike. Kampuni ya Valve, yenye Half-Life, haikuwashitaki. Iliwaajiri na kulinunua gemu lao, na hadi leo linachezwa kwenye mashindano makubwa ya dunia.

Brendan Greene wa Ireland naye alianza kwa modi za gemu la vita liitwalo ARMA. Alibuni mchezo wa watu wengi kushushwa kisiwani na kupambana mpaka abaki mmoja. Modi hiyo ndiyo iliyozaa PUBG ya mwaka 2017, na mtindo huo ndio unaoonekana katika PUBG Mobile na Free Fire ambazo watoto wetu wanazicheza kwenye simu. Kwa maneno mengine, gemu ambalo mtoto wako analibadilisha leo lina babu aliyekuwa modi.

MSTARI UNAPITA WAPI?

Ili kuujua mstari, tuache simu kidogo tuende barazani, kwenye bao.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32. Wanaojifunza huweka kete mbili katika kila shimo na kuanza. Mafundi wa bao la Kiswahili huanza tofauti: kete 10 tu ndizo zinazokaa upande wa kila mchezaji, sita zikiwa kwenye nyumba, na 22 hubaki mkononi kwa ajili ya kunamua.

Babu akicheza na mjukuu wake anaweza kusema, “Mjukuu wangu, leo tucheze la kujifunza.” Sheria zimebadilika, lakini wote wawili wamezijua na wamezikubali kabla ya kete ya kwanza. Hiyo ni modi ya heri. Hakuna aliyedhulumiwa.

Sasa tuseme mjukuu ameficha kete ya 33 kiganjani. Bao ni lilelile, mashimo ni yaleyale, na kwa macho ya mpita njia hakuna kilichoharibika. Lakini mchezo umekwisha, kwa sababu mmoja anacheza bao na mwenzake anachezewa. Na siku watazamaji wa barazani wakiiona kete ile, hata ushindi wake wa mwaka jana hautaaminika tena.

Kwenye gemu la mtandaoni, kete ya 33 ina sura nyingi. Ipo programu inayolenga shabaha yenyewe, mchezaji akabaki kubonyeza tu. Ipo inayomwonyesha adui aliyejificha nyuma ya ukuta. Ipo inayomfanya mhusika akimbie kuliko wenzake. Vijana wanaita kufanya hivyo kuhaki. Neno linafanana na haki, lakini ni kinyume chake.

Hila hizi zinawezekana kwa sababu simu yenyewe inashiriki katika kazi ya mchezo. Ili ikuchoree adui anapotokea mlangoni, simu yako inabidi ijue alipo kabla hajatokea. Gemu la halali linaficha habari hiyo mpaka wakati wake. Gemu lililohakiwa linaitoa mapema.

Magemu ya heshima yana njia ya kulinda makubaliano. Katika Europa Universalis IV, kabla watu hawajacheza pamoja, mfumo unalinganisha mafaili ya kila mmoja kwa namba maalumu ya ukaguzi. Namba zisipolingana, hamchezi pamoja. Mkiwa wote na modi ileile, karibuni. Modi haikatazwi. Kinachokatazwa ni kuwa nayo peke yako kwa siri.

SARAFU ZA KILWA NA ALMASI ZA BURE

Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao wenyewe za shaba, karne nyingi kabla ya ukoloni. Tano kati ya hizo ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Sarafu ile ilikuwa na thamani kwa sababu moja: hakukuwa na ruhusa kwa kila mtu kujifulia ya kwake nyuma ya nyumba. Kila mvuvi angejifulia, kufumba na kufumbua isingenunua hata kibaba cha mtama.

Almasi za Free Fire ni sarafu ya namna hiyo. Ndiyo maana tangazo linalowanasa watoto kuliko yote ni lile linalosema: “Pakua hapa upate almasi bila kikomo.”

Hapa mzazi anahitaji kuelewa jambo moja tu. Gemu lisilohitaji intaneti linatunza koini zake ndani ya simu, kwa hiyo mtu anaweza kuzibadilisha humo. Lakini almasi za gemu la mtandaoni haziko kwenye simu. Ziko kwenye seva za kampuni, yaani kwenye daftari lao kubwa. Kinachoonekana kwenye simu ni picha ya salio tu.

Ni kama salio lako la M-Pesa. Mtu anaweza kutengeneza picha inayoonyesha una shilingi milioni 10, na ikapendeza kabisa. Ukienda kwa wakala hupati hata mia. Anayemwahidi mtoto almasi za bure kwa kupakua faili anamwahidi picha ya salio.

Swali linalofuata ndilo la hatari. Kama almasi hazipo, kwa nini mtu ajisumbue kutengeneza faili hilo na kulisambaza?

SIMU YA MAMA, PESA YA MAMA

Jibu mara nyingi ni kwamba anachokitafuta kiko kwenye simu.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida ya Kilwa Masoko. Mama anauza samaki wa kukaanga. Simu ni moja. Ndani yake kuna pesa ya mtaji, namba za wateja na meseji za kikoba chenye akina mama 15, naye ndiye mweka hazina. Mwanawe wa miaka 13 ameona video inayoelekeza namna ya kupata almasi.

Hatua ya kwanza, video inamwambia apakue faili nje ya Play Store. Simu ya Android inakataa na kutoa onyo kwamba chanzo hakijulikani. Video inamwelekeza namna ya kuliondoa onyo hilo. Hatua ya pili, programu mpya inaomba ruhusa: kusoma meseji, kuona majina ya watu, kuonekana juu ya programu nyingine. Mtoto anabonyeza “Ruhusu” mara tatu bila kusoma, kwa sababu anachokisubiri ni almasi.

Gemu la mpira au la vita halina haja ya kusoma meseji za mama. Programu yenye ruhusa hiyo inaweza kuziona namba za uthibitisho zinazotumwa na benki na mitandao ya simu. Yenye ruhusa ya kukaa juu ya programu nyingine inaweza kuweka kioo cha uongo na kusubiri mtu aandike namba yake ya siri. Hatua ya tatu huwa ni ukurasa unaomtaka mtoto aandike jina la akaunti na nywila “ili almasi zitumwe”. Akiandika, akaunti imekwenda.

Si kila faili la modi lina virusi. Lakini mtoto hana namna ya kulijua salama na lenye sumu, na mama naye hana. Anayebahatisha hapo habahatishi almasi. Anabahatisha pesa za akina mama 15.

Wapo pia matapeli wasiohitaji virusi. Wanauza akaunti “zenye kila kitu”, wanapokea pesa kwa simu na kupotea. Wengine wanaiuza akaunti kweli, kisha baada ya wiki wanaidai kwa kampuni kwa kutumia barua pepe ya mwanzo, na mnunuzi anabaki mikono mitupu.

GHARAMA YA KUKAMATWA

Kampuni za magemu hazikai kimya, kwa sababu mchezo usio na haki unakimbiwa na wateja. Zinakagua mafaili, zinapima kama mtu analenga kwa usahihi usio wa binadamu, na zinapokea ripoti za wachezaji. Garena, wenye Free Fire, wanaifungia moja kwa moja akaunti inayokutwa na programu za kuhaki. PUBG Mobile wamekuwa wakitoa kifungo cha miaka 10. Mtoto wa miaka 13 akifungiwa leo atafunguliwa akiwa na miaka 23.

Kinachouma ni kwamba kifungo kinachukua pia kile kilichopatikana kihalali. Pesa alizotumiwa na mjomba wake wa Dar es Salaam kununua vazi la mhusika, miezi ya kupanda daraja, marafiki wa kucheza nao, vyote vinaondoka na akaunti.

Kwa wanaocheza kwa malipo gharama ni kubwa zaidi. Oktoba 2018, kwenye mashindano ya Counter-Strike mjini Shanghai, China, waamuzi walimkuta mchezaji mmoja wa timu ya OpTic India akiwa na programu ya kumsaidia kulenga, aliyokuwa ameificha kwa jina linalofanana na programu ya kuandikia barua. Timu iliondolewa mashindanoni, kisha ikavunjwa. Yeye alifungiwa miaka mitano. Wenzake wanne, ambao hawakukutwa na kitu, walipoteza kazi kwa sababu yake.

Upande wa pili yupo mwanadada wa Kenya, Sylvia Gathoni, ajulikanaye kama QueenArrow. Anacheza Tekken, mchezo wa ngumi ambao watu wawili wanapigana ana kwa ana. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani. Hakuna faili linaloweza kupakuliwa likampa mtu vidole vile. Ni mazoezi. Tumtaje pia kwa ajili ya wazazi wanaodhani kibanda cha gemu ni cha wavulana tu.

Kwa upande wa sheria za nchi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia bila ruhusa kwenye mfumo wa kompyuta na kubadilisha data za wengine bila ruhusa. Kuweka jezi ya Namungo kwenye gemu lililoruhusu si kosa. Kuingia kwenye akaunti ya mwenzako na kuhamisha vitu vyake ni jambo jingine kabisa. Vilevile, kunakili gemu zima la kulipia na kuliuza kwenye memori kadi kunagusa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, hata kama ndani yake umeweka jezi za Simba na Yanga.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, kaa naye acheze ukiona. Mwambie, “Mwanangu, nionyeshe umebadilisha nini humu.” Mtoto mwenye modi ya jezi atakuonyesha kwa majivuno na hutaweza kumnyamazisha. Mwenye programu ya kuhaki ataanza kuzunguka. Nusu ya jibu utaipata kwenye uso wake.

Pili, mfundishe maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuweka modi yoyote. Je, mwenye gemu ameruhusu? Je, ninaocheza nao wanajua na wamekubali? Je, inanipa nguvu ambayo wenzangu hawana? Akicheza peke yake bila intaneti na kujipa koini elfu moja, hajamwibia mshindani, ila bado faili lenyewe linaweza kuwa na sumu. Akiingia nayo kwenye mchezo wa watu wengi, ameificha kete ya 33.

Tatu, tenganisha gemu na pesa. Kama ipo simu ya zamani isiyo na laini, hiyo ndiyo ya gemu. Kama simu ni moja, weka sharti kwamba hakuna kinachopakuliwa nje ya Play Store, na ile ruhusa ya vyanzo visivyojulikana ibaki imezimwa. Namba ya siri ya pesa mtoto asiijue, na isiwe mwaka aliozaliwa.

Nne, kagua ruhusa. Fungua mipangilio ya simu, tafuta programu, angalia ni zipi zinazosoma meseji. Ukilikuta gemu humo, liondoe siku hiyohiyo, kisha badilisha namba yako ya siri. Ukiona pesa zimegusika, piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja wazuie akaunti, halafu toa taarifa polisi. Meseji za kitapeli zipelekwe namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA.

Tano, kama uwezo upo, mpe njia ya halali. Mnaweza kupatana kwamba akimaliza kazi za shule na za nyumbani kwa mwezi mzima, utamnunulia almasi kidogo kwa njia rasmi. Kitu alichokitolea jasho hatakihatarisha kwa faili la mtu asiyemjua.

Sita, wenye vibanda vya gemu nao wana nafasi yao. Kibanda chenye sheria zilizobandikwa ukutani, pedi zinazofanana na zamu inayofuatwa, kinalea watoto wetu wakati sisi tuko sokoni. Kibanda kinachowauzia watoto “Free Fire iliyofunguliwa” kwa memori kadi kinafanya biashara ambayo hasara yake inaishia majumbani.

Saba, usimwite mwizi kabla hujamsikiliza. Watoto wengi wanaanza kuhaki kwa sababu wamepigwa mara kumi na mtu anayehaki, wakaona hakuna njia nyingine. Mwonyeshe kitufe cha kuripoti, ambacho karibu kila gemu la mtandaoni linacho. Mwambie pia ukweli ambao wazee wa bao wanaujua: anayeshinda kwa kete ya kuficha anarudi nyumbani akiwa hajui kama anaweza kucheza.

Na akikuletea basi alilolipaka rangi mwenyewe, au jezi aliyoikata usiku kwa mwanga wa simu, litazame vizuri. Muulize amelifanyaje. Mwambie safari ijayo akuchoree magofu ya Kisiwani.